Asilimia ya Langoni Haimpimi Mwalimu

Matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi yakishatoka, huku kwetu Kimironko mabango huanza kuchipuka. Ukitoka kituo cha mabasi ukapita sokoni, kisha ukashika njia ya Kibagabaga au ya Zindiro, utayaona yamefungwa kwenye malango ya shule: picha za watoto waliovaa sare, majina ya waliopata alama za juu, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko jina la shule, asilimia. Mia kwa mia. Tisini na tisa. Wazazi husimama wakasoma, wengine hupiga picha kwa simu, wengine huingia ndani moja kwa moja kuuliza karo.

Mimi ni mkazi wa sekta hii. Nasoma Kiswahili chuoni, na jioni huwasaidia watoto wa majirani kazi zao za shule. Mabango hayo nimeyasoma miaka kadhaa sasa, na nasema bila kumung'unya maneno: asilimia ile haimwambii mzazi kile anachotaka kujua. Mzazi anataka kujua kama shule inafundisha. Bango linamwambia shule ilichukua watoto gani, iliwaacha nje watoto gani, na waliobaki walikijua Kiingereza kiasi gani kabla hawajakutana na mwalimu wa darasa la sita. Hayo ni mambo matatu tofauti na ufundishaji, na yote matatu yanaweza kununuliwa.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tuanze basi na asilimia kubwa kuliko zote, ile ya taifa, tuone jinsi ilivyoundwa. Mwaka 2021, waliofaulu mtihani wa darasa la sita walikuwa asilimia 82.5. Mwaka 2023 wakawa asilimia 91.09. Mwaka 2024 wakapanda hadi asilimia 96.8, na watu wakapongezana. Kisha yakaja matokeo ya Agosti 2025. Watahiniwa walikuwa karibu 220,000, na waliofaulu walikuwa asilimia 75.64. Zaidi ya watoto 50,000 waliambiwa hawakufaulu.

Ndugu msomaji, jiulize kilichotokea kati ya Agosti moja na nyingine. Je, watoto wa Rwanda walipumbaa katika miezi kumi na miwili? Walimu walisahau kufundisha hesabu? La hasha. Kilichobadilika zaidi ni utaratibu wa kupanga alama: mwaka 2025 mstari wa kufaulu uliwekwa kwenye asilimia 50. Mtoto ambaye mwaka mmoja kabla angeitwa amefaulu, sasa aliitwa ameshindwa, akiwa na maarifa yale yale kichwani. Sisemi mstari mpya ni mbaya. Huenda ule wa zamani ulikuwa wa kutudanganya, na mtu anayetaka kujua homa yake hapaswi kununua kipimajoto kinachompendeza. Ninachosema ni kwamba kama asilimia ya nchi nzima inaweza kushuka kwa zaidi ya alama ishirini katika mwaka mmoja kwa sababu ya mahali mstari ulipochorwa, basi mzazi wa Bibare au Nyagatovu anayechagua shule kwa kulinganisha 97 na 99 anachagua kwa kutazama moshi.

Sasa tushuke kutoka taifa hadi shule moja. Huku chini mstari ni mmoja kwa wote, lakini kuna njia nyingine ya kuipandisha asilimia bila kumfundisha mtoto hata neno moja, nayo ni kuchagua nani atakaa kwenye dawati siku ya mtihani. Tufanye hesabu ndogo ya kubuni. Shule ya kwanza ina watoto 60 wa darasa la tano. Mwalimu anawajua 12 kati yao kuwa ni dhaifu. Mwisho wa mwaka wazazi wa wale 12 wanaitwa mmoja mmoja ofisini. Wanaambiwa kwa upole kwamba ni heri mtoto arudie darasa, au kama hawataki, watafute shule nyingine inayomfaa. Watoto 48 wanaingia darasa la sita, wote 48 wanafaulu. Bango linaandikwa: asilimia 100. Shule ya pili, ng'ambo ya barabara, nayo ina watoto 60 wa namna ile ile, na wote 60 inawapandisha. Wale 48 wenye nguvu wanafaulu, na katika wale 12 dhaifu, watano wanajikongoja hadi wanafaulu pia. Jumla 53 kati ya 60, yaani asilimia 88. Shule hiyo haitundiki bango lolote, kwa sababu nani atajisifu kwa 88 mbele ya jirani mwenye 100?

Lakini hesabu watoto, usihesabu asilimia. Shule ya bango imefaulisha 48. Shule isiyo na bango imefaulisha 53. Iliyoonekana mbovu imewavusha watoto watano zaidi, tena watano wale waliokuwa wagumu kuliko wote. Je, ni ipi kati ya hizo mbili iliyofundisha? Na wale 12 wa shule ya kwanza wako wapi leo? Bango halina nafasi ya majina yao.

Mfano huu wa namba nimeubuni, ila kisa chenyewe si cha kubuni. Katika watoto ninaokaa nao jioni, wawili walihamishwa kwa njia hiyo kutoka shule mbili tofauti za binafsi, ambazo sitazitaja. Wote wawili waliambiwa ni kwa faida yao. Mmoja, mvulana wa miaka kumi na mmoja, aliniuliza kama "kurudia" maana yake ni kwamba mwaka mzima uliopita hakuwepo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha ni somo gani lililomshinda, wala ni sura gani ya somo hilo. Alichokijua ni kwamba yeye ni mzigo. Nilipompima mwenyewe, nilikuta kwamba tatizo lake kubwa ni sehemu: hakuelewa kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo wakati tatu ni ndogo kuliko nne. Ni jambo ambalo chungwa moja na kisu vinaweza kulimaliza kwa alasiri mbili. Walimwondoa mtoto kwa kosa la chungwa moja.

Jambo la pili linalounda asilimia ni mahali mtoto alipoanzia. Tangu Septemba 2022, serikali imeweka mchango wa mzazi katika shule ya msingi ya umma kuwa faranga 975 kwa muhula, kwa ajili ya chakula cha mchana shuleni. Ni uamuzi mzuri, na mama anayeuza mboga sokoni anaumudu. Shule nyingi za binafsi za Kigali hutoza mamia ya maelfu ya faranga kwa muhula huo huo. Siwalaumu wanaolipa. Kila mzazi hujikuna ajipatapo. Ila tukumbuke fedha hizo hununua nini: miaka mitatu ya chekechea kabla ya darasa la kwanza, darasa la watoto wachache, vitabu vya kwenda navyo nyumbani, gari la kumrudisha mtoto kabla hajachoka, na mara nyingi mlezi au kaka wa kumsaidia usiku. Upande wa pili yupo mtoto ambaye, katika madarasa ya chini, alisoma kwa zamu: wenzake asubuhi, yeye mchana. Serikali ilianza mwaka 2020 kujenga zaidi ya madarasa 22,000 nchi nzima ili kupunguza msongamano huo, na matunda yake yanaonekana. Hata hivyo, mtoto aliyepata nusu siku ya shule kwa miaka mitatu haanzii mstari mmoja na aliyepata siku nzima kwa miaka sita.

Ukiwapima wote wawili mwisho wa darasa la sita, mmoja akapata 85 na mwingine 55, umepima nini? Umepima safari nzima, pamoja na ile iliyotembewa kabla ya mwalimu yeyote kushika chaki. Yule wa 55 huenda ndiye aliyetembea zaidi. Mwalimu wake, aliyempokea akiwa hawezi kusoma sentensi moja, huenda alifanya kazi kubwa mara mbili kuliko mwenzake aliyempokea mtoto anayesoma hadithi. Lakini siku ya matokeo mwalimu wa 85 ndiye anayepongezwa, na mwalimu wa 55 anaulizwa kwa nini ameiangusha shule.

Jambo la tatu ni lugha, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu wangu.

Mtihani wa darasa la sita una masomo matano: Kinyarwanda, Kiingereza, hesabu, sayansi na teknolojia ya msingi, na maarifa ya jamii pamoja na dini. Kati ya hayo matano, ni moja tu linaloulizwa kwa lugha ambayo mtoto wa Kimironko huiota usiku. Manne yaliyobaki huulizwa kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba karatasi ya hesabu ni karatasi mbili: ya kwanza inauliza kama umeelewa swali, na ya pili, ukivuka ile ya kwanza, inauliza kama unajua hesabu. Anayeanguka kwenye ya kwanza haonekani tofauti na anayeanguka kwenye ya pili. Wote wawili wanaandikiwa sifuri.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye mama yake anauza viazi katika soko la Kimironko, aliniletea zoezi la hesabu lililoandikwa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara amenunua magunia 12 ya viazi kwa faranga 240,000, akauza kila gunia kwa faranga 23,500. Amepata faida gani? Binti aliandika 12, akaandika 240,000, akazijumlisha, akapata 240,012. Mtu aliyesoma jibu hilo peke yake angesema huyu hajui chochote. Nikamwuliza neno la mwisho la swali lina maana gani. Akanyamaza. Nikamwambia kwa Kinyarwanda: inyungu. Akaniangalia kama mtu aliyeona taa imewashwa. Hakugusa hata kalamu. Alisema gunia limenunuliwa kwa elfu ishirini, limeuzwa kwa elfu ishirini na tatu na mia tano, kwa hiyo kila gunia lina elfu tatu na mia tano, na magunia ni kumi na mawili, basi ni elfu arobaini na mbili. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mfanyabiashara huyo hajatoa ushuru wa soko wala pesa ya mtu wa kubeba, kwa hiyo faida yake kwa kweli ni ndogo zaidi.

Mtoto huyo anajua hesabu. Anaijua kuliko aliyetunga swali, maana aliyetunga alisahau ushuru. Lakini siku ya mtihani hakuna wa kumnong'oneza "inyungu". Atapata sifuri katika swali hilo, shule yake itashuka kwa sehemu ya asilimia, na jirani yake mwenye bango atazidi kung'ara.

Tusiseme mambo haya yametoka mbinguni, kwa sababu lugha ya shule zetu imebadilishwa na watu, mara nyingi, na kwa tarehe zinazojulikana. Baada ya mageuzi ya 1978, shule ya msingi ilifundishwa kwa Kinyarwanda yote nzima. Mwaka 1991 Kinyarwanda kikarudishwa madarasa ya chini na Kifaransa kikashika ya juu. Mwishoni mwa 2008 ikaamuliwa Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na walimu waliokuwa wamesomea Kifaransa wakajikuta wanasimama mbele ya darasa wakiwa wanafunzi wenyewe. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudi katika madarasa matatu ya kwanza. Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze darasa la kwanza. Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake. Lakini mtu akibadilisha lugha ya kisomo mara nyingi hivyo, kisha akachukua alama za watoto na kuziita kipimo cha juhudi za mwalimu, huyo anampima mpishi kwa moto ambao hakuuwasha yeye.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, na baadhi yake ni mazito. La kwanza na zito kuliko yote ni la haki. Wazee wetu watasema: ninyi vijana hamjui tulikotoka. Ni kweli kwamba chini ya siasa ya iringaniza, kabla ya 1994, nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mafungu ya ukabila na ya mikoa. Mtoto aliyeshinda aliweza kubaki nyumbani na aliyeshindwa akaenda, kwa sababu ya kilichoandikwa katika kitambulisho cha baba yake. Wapo Kimironko watu wazima ambao safari yao ya shule ilikatwa hapo. Kwao, mtihani unaosahihishwa kwa namba, bila jina wala kabila, ni ushindi, na karatasi isiyojua wewe ni mtoto wa nani ni karatasi takatifu.

Ninakubaliana nao kabisa. Ndiyo maana sisemi mtihani ufutwe. Mtihani wa namba ukifutwa, nafasi chache za shule za bweni zenye sifa zitarudi mikononi mwa wanaojuana. Lakini hoja hiyo ya haki ndiyo inayonipa mimi nguvu. Ikiwa tuliukubali mtihani ili mtoto asihukumiwe kwa mlango aliozaliwa nyuma yake, basi hatuwezi kunyamaza tunapoona anahukumiwa kwa lugha inayosemwa nyuma ya mlango huo. Mtoto ambaye baba yake anazungumza Kiingereza mezani ana urithi. Mtoto wa muuza viazi hana. Karatasi haijui jina lake, lakini lugha ya karatasi inajua anatoka nyumba gani.

La pili watasema ni Kiingereza chenyewe. Dunia inakitaka, kazi zinakitaka, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tuliingia mwaka 2007, inakitumia. Sawa. Mimi mwenyewe ninakisoma, na nawafundisha watoto maneno yake. Nataka kila mtoto wa darasa la sita akijue. Kwa hiyo apimwe Kiingereza katika karatasi ya Kiingereza, tena apimwe vikali. Ila akiwa kwenye karatasi ya sayansi anayeulizwa kwa nini maji huchemshwa kabla ya kunywewa, aulizwe habari ya maji. Kuweka lugha moja katika karatasi nne kunafanya kosa moja lihesabiwe mara nne.

La tatu watasema wazazi: ukituondolea asilimia, tutachaguaje shule? Swali ni la haki, na jibu langu si kuwanyima habari bali kuwaongezea. Mwulize mwalimu mkuu watoto wangapi walikuwa darasa la nne miaka miwili kabla ya mtihani, na wangapi kati ya hao hao walikaa kwenye mtihani. Mwulize waliohama walihama kwa nini. Mwulize mtoto aliyeingia akiwa nyuma husaidiwa na nani, saa ngapi, na kwa malipo gani. Shule inayofundisha itajibu kwa furaha, kwa sababu hayo ndiyo inayoyafanya mchana kutwa. Shule inayochuja watoto itakurudisha kwenye bango. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Majirani zetu wamekwisha kutembea njia hii, na tunaweza kuangalia nyayo zao. Kenya ilikuwa na mtihani wa KCPE tangu 1985, na kwa miaka mingi siku ya matokeo ilikuwa kama fainali ya mpira: magazeti yalijaa orodha za shule za kwanza na watoto waliobebwa mabegani. Mwaka 2014 serikali yao ilipiga marufuku upangaji huo wa shule kwa nafasi, na mwaka 2023 mtihani wenyewe ulifanywa kwa mara ya mwisho, mtaala mpya ukashika zamu. Tanzania nako, mapema mwaka 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Hawakuacha kutahini. Waliacha kufanya mbio za farasi.

Tanzania inatufundisha na jambo lingine. Katika shule zao za umma, mtihani wa darasa la saba hufanywa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaielewa, isipokuwa karatasi ya Kiingereza. Hilo ni jema. Lakini mwaka 2012 nchi ile ilishtuka kusikia kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliokuwa wamefaulu na kuchaguliwa kwenda sekondari hawakujua kusoma na kuandika. Walifaulu vipi? Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu, na anayeweka alama kwenye herufi bila kujua anaweza kubahatisha. Kwa hiyo asilimia hudanganya kwa pande zote mbili. Kwetu humwita mjinga mtoto anayejua, na kwao iliwahi kumwita msomi mtoto asiyejua. Kote kuwili kosa ni moja: watu waliiamini namba wakasahau kumwangalia mtoto.

Basi natoa madai yangu, na nayatoa nikijua mimi ni mwanafunzi tu na wanaoamua ni wengine.

Kwanza, karatasi za hesabu, sayansi na maarifa ya jamii ziandikwe kwa lugha mbili, Kiingereza upande mmoja na Kinyarwanda upande wa pili, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa yoyote kati ya hizo. Mtu asiniambie ni gharama. Ni ukurasa wa pili wa karatasi, na wasahihishaji wote ni walimu wa Kinyarwanda tangu tumboni mwa mama zao.

Pili, mwenye shule anayetaka kutundika asilimia yake barabarani alazimishwe kuandika pembeni yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, idadi ya watoto waliokuwa darasa la nne na idadi ya waliofika kwenye mtihani. Namba mbili tu. Naamini mabango mengi yatashuka yenyewe.

Tatu, matokeo yarudi shuleni yakiwa na maana. Mwalimu apewe habari ya kila swali: watoto wako wameanguka kwenye sehemu, wamesimama kwenye vipimo, wameshindwa kusoma ramani. Namba moja ya jumla haimsaidii mwalimu kupanga hata somo la Jumatatu. Serikali yenyewe inaijua njia hii. Masomo ya likizo ya nzamurabushobozi, ambayo yanawakusanya watoto wa madarasa ya chini waliobaki nyuma na kuwainua katika kusoma na kuhesabu, yamejengwa juu ya wazo kwamba mtoto aliyebaki nyuma anatafutwa, hafichwi. Wazo hilo lipande hadi darasa la sita.

Nne, na hili nalielekeza kwetu sisi tunaojifunza lugha. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na sisi tunafurahi kwamba kimepata kiti. Tusije tukafurahi kiasi cha kudai nacho kiwe fimbo nyingine ya kumchapia mtoto wa shule ya msingi. Sisi tunaopenda Kiswahili kwa sababu kinawaunganisha watu wa soko la Kimironko na watu wa Bujumbura, Goma na Mwanza, tuwe wa kwanza kusema kwamba lugha hufundishwa ili ifungue, na mtoto hupimwa maarifa kwa lugha anayofikiria nayo.

Kwa wazazi wenzangu wa sekta hii, maana hata sisi walezi wa jioni ni wazazi kidogo, nina neno moja la mwisho. Mkutano wa wazazi wa muhula ujao utakapoitwa, nendeni. Mwalimu mkuu atasimama kusoma asilimia, na watu watapiga makofi. Makofi yakiisha, mmoja wenu ainue mkono aulize: walioanza walikuwa wangapi, na walioondoka wako wapi? Kisha mketi, msubiri jibu, msikubali ajenda iendelee mpaka mmelipata. Mtoto wenu huenda ni mmoja wa 48 leo. Mwakani mdogo wake anaweza kuwa mmoja wa 12.